Tupeni Vyumba na Saa: Barua ya Wazi Kuhusu Mashindano ya Mdahalo

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mshauri wa Wanafunzi, Ofisi ya Miliki, na viongozi wa Serikali ya Wanafunzi.

Walezi wetu, shikamooni. Wenzetu wa serikali ya wanafunzi, poleni na majukumu.

Tumeipokea barua yenu ya kukiruhusu chuo chetu kiwe tena mwenyeji wa mashindano ya mdahalo ya vyuo, na tunawashukuru kwa dhati. Mwaka jana nilikuwa mratibu. Mwaka huu wenzangu wamenikabidhi kazi hiyohiyo. Kabla hatujatuma mwaliko hata mmoja, nina ombi. Naliandika hadharani kwa sababu mwaka jana nililipeleka ofisini mara nne na mara nne nikapigwa kalenda. Tena, vyuo tutakavyovialika vina haki ya kujua tumeahidiana nini hapa nyumbani kabla havijawapandisha wanafunzi wao mabasi.

Ombi lenyewe ni hili. Mdahalo hauhitaji mahema, wala maputo, wala jukwaa la vitambaa. Unahitaji vyumba vinane ambavyo milango yake iko wazi, na saa ambazo hakuna mkubwa wala mdogo atakayezigusa. Mkitupa hivyo viwili, mengine tutahangaika nayo wenyewe.

Mnaikumbuka Jumamosi ya mwaka jana. Ratiba ilisema saa tatu kamili asubuhi raundi ya kwanza inaanza. Saa mbili na nusu timu zote thelathini na mbili zilikuwa zimeshakaa ukumbini, nyingine zikiwa zimeingia usiku wa manane kutoka mikoani na kulala saa chache. Majaji ishirini na wanne walikuwa wamepewa maelekezo tangu Ijumaa jioni. Tukaambiwa hakuna kuanza mpaka mgeni rasmi afike. Aliingia saa sita na dakika kumi mchana. Ikafuata dua, wimbo wa chuo, ngonjera, salamu za meza kuu, risala, hotuba, kisha picha za pamoja kwa makundi. Droo ya raundi ya kwanza, yaani nani anakutana na nani, tuliisoma saa saba na dakika ishirini.

Simlaumu mgeni. Aliitwa, akaja alipoweza, na hotuba yake ilikuwa na maneno mazuri kuhusu vijana na kujiamini. Ninachosema ni kwamba aliyemwalika hakuwa ameelezwa saa zile zilikuwa za nini. Niruhusuni nizieleze sasa, maana naamini mkishaona jinsi mashindano yanavyokwenda kwa ndani, hamtaruhusu yaliyotokea yajirudie.

Tunatumia mfumo wa Bunge la Uingereza, ule unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya vyuo vikuu. Chumba kimoja kinaingia timu nne, mbili upande wa serikali na mbili upande wa upinzani, na kila timu ina wazungumzaji wawili. Mada ikitangazwa, timu zinapewa dakika kumi na tano za kujiandaa, basi. Kila mzungumzaji anasimama dakika saba. Mtunza muda anagonga meza dakika ya kwanza ikiisha, anagonga tena ya sita ikiisha, na kati ya kugonga huko mara mbili mtu wa upande wa pili anaweza kusimama akasema "taarifa!" kama mnavyosikia bungeni, na msemaji ana hiari ya kumpokea au kumkalisha. Wazungumzaji wanane kwa dakika saba ni dakika hamsini na sita. Ongeza maandalizi, ongeza robo saa ya majaji kujadiliana, ongeza muda wa kuwaeleza wanafunzi kwa nini huyu kawa wa kwanza na yule wa nne, ongeza kutembea kutoka ukumbini mpaka madarasani. Raundi moja ni saa mbili, ukiwa umebana sana.

Sasa hapa ndipo naomba msome taratibu. Wa kwanza chumbani anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne hana kitu. Kuanzia raundi ya pili, timu zinakutanishwa kwa pointi: wenye tatu wanakutana na wenye tatu, wenye sifuri na wenye sifuri. Kwa hiyo raundi ya pili haiwezi kupangwa mpaka karatasi ya alama ya chumba cha mwisho kabisa ifike mezani na kuingizwa kwenye kompyuta. Ndivyo zinavyofanya kazi programu kama Tabbycat, na ndivyo ilivyokuwa hata watu walipokuwa wanapanga kwa mkono. Maana yake ni kwamba chumba kimoja kikichelewa nusu saa, watu wote wamechelewa nusu saa. Mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo yuko kijijini kwenye msiba, unasimamisha wanafunzi sitini na wanne.

Hilo lilitutokea raundi ya pili. Tulikuwa tumepewa vyumba nane kwa mdomo. Tulipofika, kimoja kilikuwa na kufuli, na kingine tukakuta kina ratiba ya darasa la Jumamosi la wanaosoma na huku wanafanya kazi. Wale nao wamelipa ada yao, hatuna ugomvi nao. Timu nne tukazihamishia kwenye vimbweta chini ya mwembe, jua la saa tisa likiwapiga. Jaji mmoja akawa anaandika huku amekalia tofali.

Na chumba kile chenye ratiba ya darasa, tulichodhani tumesalimika nacho, nilikuwa ndani yake mwenyewe, nimekaa nyuma kabisa. Ilikuwa ni mgawanyo wa Kiswahili, maana mashindano yetu yana migawanyo miwili, wa Kiingereza na wa Kiswahili, na kila mmoja una fainali yake. Msemaji wa tano alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kutoka chuo kimoja cha mkoani, mdogo wa umbo, ameshika karatasi aliyoikunja mara nne na kuandika pande zote. Mada ilihusu mikopo ya elimu ya juu, na yeye ndiye aliyekuwa anafungua nusu ya pili ya mdahalo kwa upande wa serikali, mahali pagumu, maana wanne wameshazungumza na inampasa alete kitu ambacho hakijasemwa. Akakileta. Alisema wote waliomtangulia wanamzungumzia mwanafunzi anayekopa, hakuna aliyemzungumzia mzazi anayeuza ng'ombe ili mtoto aishi mwezi ambao bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, halijatoka. Chumba kikatulia. Jaji kiongozi aliacha kuandika akamwangalia. Dakika ya tano, mlango ukafunguliwa. Mzee wa ulinzi akasimama pale na rundo la funguo, amevua kofia kwa adabu, akasema, "Wanangu mnisamehe, nimetumwa. Chumba kinatakiwa."

Saa ikasimamishwa. Tukazungumza naye mlangoni, mimi nikapiga simu, hakuna aliyepokea. Zilipita kama dakika nane. Yule binti hakukaa. Alibaki amesimama pale mbele, kidole chake kikiwa kwenye mstari aliokuwa ameufikia. Mzee alipoona hakuna anayejibu simu, akatuambia tumalize, yeye atakaa mlangoni na akija mtu atamweleza. Binti akaanza tena: "Nilikuwa bado nyumbani kwa yule mzazi." Timu yake ilishika nafasi ya kwanza chumba kile.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu watu wanaotoa vibali mara nyingi hawajawahi kukaa nyuma ya chumba kama kile. Wanaona ufunguzi na fainali, basi. Ufunguzi si mdahalo. Mdahalo ni vile vyumba vinane kwa wakati mmoja, bila kamera na bila kipaza sauti, ambamo mtoto aliyepitia shule ambayo kuuliza swali ni utovu wa nidhamu anasimama mbele ya watu asiowajua na kugundua kwamba ana la kusema.

Umeme ulikatika saa moja kasoro jioni, jenereta likawa linahudumia jengo la utawala peke yake. Raundi ya tatu tuliimaliza kwa tochi za simu, saa tatu usiku. Kisha wasichana wa vyuo sita wakatembea kutoka madarasani mpaka hosteli waliyopangiwa, na geti lilikuwa limeshafungwa. Walisimama nje ya geti karibu saa nzima. Kwa hili sitaki kurembesha maneno: hakuna aliyedhurika, lakini hatukuwa na haki ya kuwaweka pale, mimi wa kwanza.

Raundi ya nne ikasukumwa Jumapili, juu ya raundi ya tano, nusu fainali na fainali mbili. Na hapo ndipo pigo lenyewe lilipotua. Ukumbi mkubwa ulikuwa umekodishwa kwa sendofu jioni hiyo. Nusu fainali ya Kiingereza ilipoisha karibu saa tisa, wapambaji walikuwa wameshaanza kuingiza viti na kuvivalisha vitambaa vyeupe. Tukaambiwa muda umebaki wa fainali moja tu, na kwamba mgeni wa kufunga amealikwa kushuhudia ya Kiingereza.

Fainali ya Kiswahili haikufanyika.

Timu nne zilikuwa zimefuzu. Zilikuwa zimekaa mstari wa pili, zimeshavaa. Yule binti wa karatasi iliyokunjwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameweka kandambili kwenye mkoba na kuvaa viatu vyake vyeusi. Nilikwenda kuwaambia mimi. Wote wanane walipewa vyeti vilivyoandikwa "Washindi wa Pamoja", wakapiga picha, wakapanda mabasi. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Huyo binti aliniuliza swali moja tu, kama mada ilikuwa imeshatungwa. Nikamjibu ndiyo, ilitungwa.

Katika nchi hii, waheshimiwa, tukianza kupungukiwa saa, cha kwanza kukatwa kikawa Kiswahili. Hilo limenikaa rohoni mwaka mzima. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na kila mwaka tunaiadhimisha hapahapa chuoni kwa mashairi na khanga. Wanaozungumza Kihispania wana mashindano yao ya dunia ya mdahalo wa vyuo vikuu, kwa lugha yao, na hakuna anayeyaita ya pembeni. Hata katika mashindano makubwa ya dunia yanayoendeshwa kwa Kiingereza kuna makundi ya kufuzu kwa wale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au ya kigeni, kwa sababu wenyewe wanakiri kwamba mtu anaweza kuwa na hoja nzito na ulimi wa kuazima. Wanafunzi wetu ninawajua. Kuna kijana anayekwama kwa Kiingereza dakika ya pili, lakini ukimpa Kiswahili anashusha nondo mpaka anagongewa meza ya saba bado ana akiba. Mgawanyo ule ulikuwa na timu kumi na mbili mwaka wa kwanza tu wa kuanzishwa kwake.

Watu wa vyuo vyetu vya Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya. Mwanahistoria Walter Rodney, akiwa anafundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1970 alikwenda Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kukabiliana kwa mdahalo na msomi Ali Mazrui, na mpaka leo wazee waliokuwa vijana wakati ule wanazungumzia nani alisema nini. Mashindano ya dunia yalianza Glasgow mwaka 1981 na yamekwishafika Afrika, Stellenbosch mwaka 2003, Gaborone 2011, Cape Town 2019. Huko zinachezwa raundi tisa za mchujo, tatu kwa siku. Tatu. Sisi tulipanga nne kwa siku moja, na hilo ni kosa letu wana mdahalo, halikutoka ofisini kwenu.

Kwa hiyo mwaka huu tumepanga upya. Ijumaa alasiri raundi moja, Jumamosi tatu, Jumapili ya tano asubuhi, kisha nusu fainali, kisha fainali mbili. Ya Kiswahili inatangulia, ili hata likitokea la kutokea isiwe yenyewe ya kulipa.

Ofisi ya Miliki, tunaomba vyumba nane kwa maandishi, vikitajwa kwa namba, kuanzia Ijumaa saa nane mchana mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni, na funguo za akiba zikabidhiwe kwa mtu mmoja ambaye simu yake itapokelewa. Tunaomba tusipangiwe vyumba vyenye darasa la Jumamosi. Ukumbi mkubwa usikodishwe Jumapili hiyo. Kama fedha ya ukodishaji inahitajika, tuambieni ni kiasi gani tuanze kuchangishana mapema, tusije kuambiwa siku yenyewe. Na jenereta liwashwe jengo la madarasa. Taa za vyumba nane na kompyuta mbili, hatuna AC tunayoiomba.

Mgeni rasmi tunamtaka, wala msituelewe vibaya. Tunajua wageni huleta wafadhili, na wafadhili ndio wanaolisha majaji. Tunaomba aje Jumapili, kwenye fainali, na akae asikilize mdahalo mzima kabla ya kuzungumza. Akichelewa, mdahalo uanze na yeye aingie kimya dakika kati ya mzungumzaji na mzungumzaji, kama wanavyoingia wengine. Fedha iliyokwenda kwenye mahema na mapambo mwaka jana ihamishiwe kwa majaji. Kanuni yetu ni kwamba chuo chenye timu mbili kinaleta jaji mmoja, chenye tatu kinaleta wawili, na hakuna jaji anayekaa chumba chenye timu ya chuo chake. Vyuo vidogo vinashindwa nauli ya huyo jaji, na jaji asipokuja, chumba kinabaki na wawili, wakitofautiana hakuna wa tatu.

Mshauri wa Wanafunzi, wewe mama tunakuomba jambo la geti. Wasichana wote walale hosteli moja iliyo karibu na madarasa, na mlinzi wa zamu awe na orodha ya majina yao. Tumeteua dada wawili wa kupokea malalamiko ya aina yoyote, ya lugha chafu chumbani au ya mtu kusumbuliwa njiani, na tunaomba wawe na njia ya kukufikia moja kwa moja hata usiku.

Wenzetu wa serikali ya wanafunzi, fungu letu linategemea ninyi kulipitisha kabla bumu halijatoka na kila mtu kuwa na shughuli zake. Mwaka jana lilipita wiki ileile ya mashindano, tukanunua maji kwa deni kwenye duka la mama mmoja hapo getini, ambaye alitusubiri wiki tatu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini kwenu na wenzangu wawili. Tutakuja na ratiba nakala nne na barua ya vyumba ambayo imeachiwa nafasi za saini na muhuri. Timu zile nne za Kiswahili tumeshaziandikia pia, tukiziomba zije Ijumaa asubuhi, kabla raundi ya kwanza haijaanza, zicheze fainali yao ya mwaka jana. Tatu zimejibu kuwa zinakuja. Ya nne inatafuta nauli.

Bahasha ya mada yao ninayo mimi. Imegundishwa kwa gundi, ina saini za majaji wakuu watatu kwenye mfuniko, na haijafunguliwa.

Wenu mtiifu,
Mratibu wa Mashindano, kwa niaba ya Chama cha Mdahalo